Tuwafundishe Vijana Kutafiti Kabla Hawajaanza Kazi

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, katika mkutano wetu wa mwaka)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili nilikuwa kiranja wa chakula, na tangazo langu lilikuwa kwamba maharage hayajaiva, tuendelee kungoja. Kelele nilizozipata siku ile ninazikumbuka hadi leo. Naomba leo mnivumilie zaidi kidogo.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya vijana na ajira. Jambo hilo ni pana, na mtu akitaka kulisema lote atamaliza siku bila kusema kitu. Kwa hiyo nimechagua sehemu yake moja, ambayo naijua kwa sababu imenipa aibu na imenipa manufaa: kuwafundisha vijana wa vyuo namna ya kutafiti, ili waingie kazini wakiwa na uwezo wa kutafuta ukweli wa jambo na kuusema.

Najua neno utafiti huwatisha wengi. Mtu akilisikia huona profesa mwenye miwani au maabara yenye chupa. Lakini tukilivua joho la chuo kikuu, utafiti ni kutafuta jibu la swali kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata na kuikagua. Zamani tulipenda kusema uchunguzi. Chombo kilichotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 kiliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Serikali nayo ililiona jambo hili mapema: mwaka 1968 liliundwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, ambalo watu walilijua kwa jina fupi la UTAFITI, na mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyolirithi. Basi taifa lina vyombo vya utafiti. Ninaloliuliza mimi ni hili: je, karani, bwana shamba, muuguzi, mhasibu na mfanyabiashara tunaowatoa vyuoni kila mwaka wanajua kutafiti?

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijamnyoshea mtu kidole, niseme habari zangu mwenyewe.

Nilipomaliza chuo kikuu nilikuwa na shahada, na nilikuwa na ripoti ya utafiti yenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu mgongoni. Ilikuwa na sura tano kama ilivyotakiwa. Mama aliionyesha kwa majirani. Nikaajiriwa serikalini, nikapelekwa wilayani. Katika mwaka wangu wa kwanza mkubwa wangu wa kazi alinitaka niandike taarifa juu ya hali ya maji katika kata moja. Muda ulikuwa wiki mbili. Gari la ofisi lilikuwa gereji, mvua zilikuwa zinanyesha, na kata yenyewe ilikuwa mbali. Nikachukua jalada la mwaka uliotangulia, nikaona limeandikwa kwamba kata ina pampu za mkono 11 na zote zinafanya kazi. Nikanakili. Nikabadili tarehe, nikapanga maneno vizuri, nikaweka na jedwali. Taarifa ilisifiwa kwa unadhifu wake.

Fedha za matengenezo zilipokuja, kata ile haikupewa hata shilingi, maana taarifa yangu ilisema haina shida. Zikapelekwa kwingine.

Miezi minane baadaye nilifika huko kwa shughuli nyingine. Tukapita penye pampu ya kwanza, mpini umekatika. Ya pili ilikuwa imezungukwa na nyasi. Kwenye ya tatu tulimkuta mama mmoja mtu mzima amepumzika na ndoo yake, akitokea bondeni. Tulipomsalimu na kujitambulisha, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi nani aliwaambia huku maji yanatoka?"

Sikumjibu. Nilitazama chini. Siku ile nilizizunguka pampu zote 11 kwa miguu, na zilizokuwa zikitoa maji zilikuwa tano. Nikarudi nikaandika taarifa nyingine, nikaeleza na kosa langu. Nilipewa karipio, na nilistahili. Lakini karipio halikumrudishia yule mama miezi minane ya kupanda na kushuka bondeni.

Ndugu zangu, nawaambieni haya kwa sababu moja. Mimi sikuwa mtu asiyesoma. Nilifundishwa utafiti, nikaufanyia mtihani, nikaufaulu. Ila nilifundishwa kama jambo la kumalizia chuo, wala si jambo la kufanyia kazi. Siku nilipoweka saini kwenye taarifa ile, haikunijia akilini kwamba nilichotakiwa kufanya kilikuwa ni utafiti.

Wala msidhani makosa ya namna hii ni ya vijana wadogo wilayani peke yao. Wazee wetu wanaukumbuka Mpango wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa Afrika ya Mashariki, ukatumia kama wiki tisa kuangalia nchi, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza zilimwe karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza mwaka 1947 kule Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi ambao ulikauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zikawa taabu kung'olewa. Wagogo wenyeji wa nchi ile walikuwa wameishi na ukame kwa vizazi vingi, na kufuga kwao ng'ombe hakukuwa kwa bahati tu. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kama hasara. Walikuwapo wataalamu, matrekta na fedha. Uchunguzi wa kutosha kabla ya kuanza ndio uliokosekana.

Sasa, ikiwa tunakubaliana kwamba jambo hili ni la lazima, tumfundishe kijana nini? Mimi naona mambo matano.

La kwanza ni kuuliza swali. Hapa nataka nisimame kidogo kwa ajili ya wadogo zetu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ndogo, naye akaogopa kuikosa, akayaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya muda akaona yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha hayajaganda. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Akafika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima akauliza lile lile. Wenzake waliona anawaaibisha. Lakini mgeni yule hakulitupa swali. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na habari kwamba kweli ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la elimu ya fizikia, na leo dunia nzima hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori kule Mweka, akawa mtumishi wa serikali kama mimi.

Tazameni swali lake lilivyokuwa. Hakuuliza, "Kwa nini dunia iko hivi?" Alichukua vyombo viwili vilivyo sawa, maji yenye kiasi sawa, moja la nyuzi 35 na jingine la nyuzi 100, akauliza kwa nini lile la nyuzi 100 hutangulia kuganda. Swali la namna hiyo mtu yeyote mwenye friza anaweza kulijaribu. Vijana wetu wengi huandika maswali makubwa mno: "Athari za utandawazi katika maendeleo ya Afrika." Swali hilo halijibiki kwa miezi mitatu wala kwa miaka mitatu. Afadhali aulize kwa nini pampu sita kati ya 11 hazitoi maji katika kata fulani.

Nami niongeze jambo ambalo wengi hawalisimulii. Habari ya Mpemba haijafungwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili huko Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya wakaeleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba hata mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya chombo, juu kidogo au chini kidogo, panaweza kubadili jibu. Wengine wakaendelea kutafuta kwa njia nyingine. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima yake hata chembe. Aliuliza, akajaribu, akaandika alivyofanya, na kwa sababu aliandika, watu wa miaka mingi baadaye waliweza kumkagua.

La pili ni kutafuta waliosema kabla yetu. Mwenyeji wa jambo ndiye wa kuulizwa kwanza. Kijana ajue kuingia maktaba na kutoka na anachokitaka. Ajue kwamba kuna Nyaraka za Taifa, kuna taarifa za kamati za zamani, kuna takwimu za sensa zilizohesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya mwaka 2022 ilituambia kwamba tulikuwa watu 61,741,120. Mwaka 1967 Tanzania nzima tulikuwa kama milioni 12 na laki tatu. Mtu anayepanga shule, zahanati, au duka la dawa tu, bila kutazama idadi ya watu wa mahali pake, anapiga ramli. Lakini kusoma ya wenzetu si kuyanakili, kama nilivyofanya mimi. Tunayasoma tukiuliza: huyu alijuaje? Alikwenda? Alikwenda lini? Jalada nililolinakili lilikuwa limenakiliwa nalo kutoka kwa jingine. Tulikuwa tumerithishana uongo ambao hakuna aliyekusudia kuusema.

La tatu ni kwenda, kuona na kuhesabu. Hapa pana mitego ambayo kijana hana budi kuonyeshwa akiwa bado chuoni. Akiwauliza wakazi wa kando ya barabara ya lami peke yao, amejibiwa na barabara, hakujibiwa na kijiji. Akienda saa nne asubuhi atawakuta wasiokwenda shamba. Akifuatana na mwenyekiti wa kijiji kila nyumba, atasikia sifa za mwenyekiti. Akiuliza, "Je, mnaridhika na huduma nzuri ya zahanati yenu?" amekwisha kuwatilia watu jibu mdomoni.

Halafu kuna vipimo. Mkulima akisema amevuna gunia 10 za viazi, andika, lakini uliza ni gunia gani. Wote tunaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na masoko yanalijua. Ukijumlisha lumbesa na gunia la kawaida umepata tarakimu, hukupata mavuno.

Na kuna lugha. Vyuo vyetu vinafundisha na kuandikisha utafiti kwa Kiingereza, lakini mwananchi anaulizwa kwa Kiswahili, na pengine kwa lugha ya kwao. Nimewaona vijana wameshika dodoso la Kiingereza mkononi wanalitafsiri papo hapo mlangoni mwa watu, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja anauliza juu ya familia, mwingine juu ya nyumba, wa tatu juu ya kaya, na wote wanajaza kisanduku kile kile. Familia yangu iko mikoa mitatu. Nyumba ninayokaa ina wapangaji wanne. Kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula pamoja. Watu wa sensa hufafanua neno hilo kabla ya kutoka mlangoni, na wanafunzi wetu nao wafundishwe hivyo. Maswali yaandikwe kwa lugha atakayoulizwa mtu, yajaribiwe kwa watu watano au sita kwanza, ndipo yapelekwe kijijini.

La nne ni kuandika. Ninamaanisha kuandika daftarini siku ile ile, kabla ya kuandika ripoti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na habari bila daftari hupotea pia. Mimi tangu siku ya zile pampu hugawa ukurasa wangu sehemu tatu: niliyoyaona, niliyoambiwa, na ninayodhani. "Mpini umekatika," hilo nimeliona. "Umekatika tangu masika ya mwaka juzi," hilo nimeambiwa, na jina la aliyeniambia ninalo. "Kamati ya maji haikusanyi michango," hilo ninadhani, sina budi kulithibitisha. Ugomvi mwingi maofisini hutokea kwa sababu mtu amechukua la sehemu ya tatu akaliandika kama la sehemu ya kwanza.

La tano ni uaminifu. Ndugu Mwenyekiti, tuseme ukweli. Karibu na vyuo vyetu vingi kuna vibanda vya steshenari ambako kijana huweza kulipa fedha akaandikiwa utafiti wake, na wahojiwa wake mia wakazaliwa usiku mmoja juu ya meza. Siku hizi amekuja na msaidizi mwingine, akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mimi siipigi vita. Naitumia kwa kazi zangu kadha wa kadha. Lakini mashine ile huweza kutaja kitabu ambacho hakuna aliyepata kukiandika, kwa ufasaha uleule inaotajia kitabu cha kweli. Kijana asiyejua kukagua ataweka vyote viwili katika ripoti yake. Na tena mashine haiwezi kwenda kata ile ikagusa mpini wa pampu. Lazima mtu aende.

Labda wadogo zetu mtauliza: haya yote yatatusaidiaje kupata kazi? Ni swali la haki, maana kazi ni chache na waombaji ni wengi. Nitawajibu kwa niliyoyaona ofisini.

Kila mwaka tunapokea wanachuo wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Wengi wao, na kosa si lao peke yao, huwekwa pembeni, wakatumwa kuleta chai na kutoa nakala, mwisho wakasainiwa fomu. Miaka michache iliyopita alikuja binti mmoja aliyekuwa akisomea utunzaji wa kumbukumbu. Akawekwa masjala. Kila mtu ofisini alikuwa analalamika kwamba barua hazijibiwi kwa wakati, na kila mtu alijua wa kulaumiwa: wengine walisema ni wakubwa, wengine walisema ni karani wa masjala. Binti yule hakumlaumu mtu. Aliomba ruhusa, akachukua barua 60 zilizopokelewa miezi miwili iliyopita, akaandika daftarini tarehe ya mhuri wa kupokelewa na tarehe ya jibu kutoka. Akakuta barua 41 zilijibiwa ndani ya siku saba. Zilizochelewa ni 19. Akazitazama zile 19 moja moja, akaona kwamba 14 kati yake hazikuwa na kumbukumbu namba ya barua ya awali. Karani hakujua aziweke katika jalada gani, hivyo zililala zikingoja kutafutiwa.

Jambo dogo kabisa. Tukaanzisha rejista ya majina na mada pembeni ya ile ya namba, na ugomvi ukapungua sana. Lakini angalieni: ofisi nzima yenye watu wenye shahada tulikuwa tumelalamika miaka, na jibu lilikuwa ndani ya masjala yetu wenyewe, likingoja mtu wa kuhesabu.

Baadaye binti huyo aliitwa kwenye usaili mahali pengine. Alinieleza kwamba walimwuliza ataje tatizo aliloshughulikia, naye akawaeleza habari za barua 60. Alipata kazi. Sisemi aliipata kwa sababu hiyo, maana sikuwamo katika kamati ile. Ninachosema ni kwamba alipoulizwa alikuwa na la kusema, nalo lilikuwa lake. Mimi nimekaa katika kamati za usaili. Waombaji kumi wakija, wengi wao watasema wao ni wachapa kazi, wanajituma, wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Maneno hayo tumeyazoea hata hatuyasikii. Anayesema, "Nilihesabu, nikakuta hivi, nikapendekeza hivi," huyo tunaacha kuandika tukamtazama.

Na kwa yule atakayejiajiri, faida ni ile ile. Kijana anayetaka kufungua duka la vifaa vya ujenzi akae wiki moja mahali alipopachagua, ahesabu watu wanaopita, nyumba zinazojengwa, na maduka yaliyofungwa na sababu za kufungwa kwake. Daftari ni bei ndogo kuliko kodi ya pango ya mwaka mzima.

Sasa niseme la kufanya, nisije nikawa mtu wa kulaumu tu.

Kwa wenzetu mnaofundisha vyuoni, na nawaona baadhi yenu humu ndani: msingoje mwaka wa mwisho. Mwanafunzi apewe swali dogo katika mwaka wa kwanza, la wiki moja, juu ya jambo lililo karibu naye: foleni ya zahanati ya chuo, bei za mgahawa, vitabu vinavyoazimwa zaidi. Akosee mapema, makosa yakiwa bado hayamwumizi mtu. Na msimamizi asisome ripoti iliyochapwa peke yake. Adai daftari la uwandani, lenye vumbi na makosa yake. Daftari la uongo ni gumu kulitunga kuliko ripoti ya uongo.

Kwa sisi tulioko maofisini na katika mashirika: mwanachuo akija, tumpe swali badala ya birika la chai. Kila ofisi ina maswali ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyatafutia majibu. Tumpe moja, tumwonyeshe majalada anayoruhusiwa kuyaona, tumsikilize akimaliza. Tutakuwa tumemfundisha, na pengine atatufundisha.

Kwa walimu wa shule yetu: Mpemba hakuwa chuoni alipoliona jambo lake, alikuwa kidato cha tatu. Naomba kijana akiuliza swali la ajabu darasani, tusimcheke na tusiruhusu achekwe. Tukiwa hatuna jibu, tumwambie, "Sijui, hebu tujaribu." Maneno hayo hayamshushii mwalimu heshima. Mwalimu wetu mmoja wa jiografia aliyatumia mara nyingi, na kila Jumatatu alitupeleka kusoma kipimamvua pale nyuma ya maktaba. Tuliona ni adhabu. Leo najua lilikuwa somo la kwanza la kazi yangu, na kwamba nilichelewa sana kulielewa.

Na kwa ninyi wadogo zetu: kila mmoja awe na daftari moja ambalo si la somo lolote. Andikeni humo jambo moja kila wiki mlilolihesabu au kulipima wenyewe. Nimepita jikoni asubuhi hii. Nimeambiwa kwamba maharage bado yanachelewa kuiva, na kila mtu ana sababu yake: wengine kuni, wengine maji, wengine mpishi. Nimeuliza kama kuna aliyejaribu kuyaroweka nusu ya gunia usiku na nusu asiyaroweke, akaandika saa. Hakuna. Basi swali hilo nawaachieni. Mwaka ujao, Mungu akitujalia uhai, nitakuja kusikiliza majibu, na nitaomba kuliona daftari.

Mwisho, mniruhusu nirudi kwa yule mama wa ndoo. Pampu yake ilitengenezwa mwaka uliofuata. Sikupata nafasi ya kumjibu swali lake alipokuwa mbele yangu, lakini tangu siku hiyo kila ninapotaka kuweka saini chini ya taarifa, najiuliza kwa maneno yake: nani aliniambia? Nikikuta jibu ni "nimenakili," kalamu naiweka chini, natafuta viatu.